Jinsi ya Kusoma Grafu ya Mwitikio wa Ubongo: Mstari na Vidoti

Karibuni tena, wapendwa. Nawarekodia nikiwa Sinza, hapa Dar es Salaam. Feni inavuma kwa nyuma, mnivumilie, joto la leo si la kuzima feni.

Leo tunasoma grafu moja tu ndani ya SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, ile ya "fitted responses", yaani mwitikio wa ubongo kama modeli, hesabu ya programu, inavyoukadiria. Wengi wanaibandika kwenye tasnifu bila kujua inasema nini, na hilo linaniuma.

Fungua matokeo yako. Data ya mfano ni ya mtu aliyegonga vidole vya mkono wa kulia sekunde 30, akapumzika 30, akarudia hivyo hivyo. Skani moja, yaani picha moja ya ubongo, kila sekunde 2. Nenda kwenye kilele, yaani nukta yenye matokeo yenye nguvu zaidi, upande wa kushoto wa ubongo, eneo linaloendesha misuli. Bonyeza "plot", kisha "fitted responses", chagua kontrasti (ulinganisho) ya kugonga, halafu "adjusted", mwisho "scan or time".

Grafu hiyo. Tulia hapa kidogo.

Mfikirie fundi cherehani wa Kariakoo: mstari, yaani makadirio ya modeli, ni gauni; vidoti, kimoja kwa kila skani, ndio mwili. Gauni likikaa vizuri, vidoti vinatawanyika juu na chini ya mstari bila mpangilio. Ona mstari unavyochelewa kupanda. MRI ya aina hii, mashine ya sumaku inayopiga picha hizi, haipimi seli za neva zenyewe, inapima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, na mwitikio huo hufika kileleni kama sekunde 5 au 6 baada ya tukio fupi. Ukiona vidoti vinautangulia mstari katika kila duru, au vinaburuta nyuma yake, rudi kwenye nyakati ulizoingiza. Hakikisha pia hukuandika sekunde mahali programu inasubiri namba za skani.

Sasa jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa: vidoti hivi si data ghafi. Programu imechukua mstari ikauongezea mabaki, yaani kile modeli ilichoshindwa kueleza. Mwendo wa kichwa, kama uliuweka kwenye modeli, umeshaondolewa. Ndiyo maana grafu inapendeza kuliko data ilivyotoka kwenye mashine.

Na kilele hiki tumekichagua kwa sababu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Basi usikipime urefu wake ukauandika kama ukubwa wa athari, utakuwa umejipendelea. Ukitaka ukubwa, chagua eneo kabla hujayaona matokeo.

Kuna kidoti hapa kimeruka peke yake, mmekiona? Andika namba ya skani yake. Fungua grafu ya mwendo wa kichwa, shuka mpaka skani hiyo hiyo, uangalie kama kichwa kilitikisika. Hifadhi kwanza lakini, umeme usije ukakatika. Tayari? Twende kwenye grafu ya mwendo.