Kilomita 600 Kabla ya Mkwaju wa Kwanza

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada yetu ni safari ya gari ya familia inayokwenda kumtazama ndugu yao akishindana kwenye gofu ya watu wenye ulemavu, hapa katikati ya Marekani. Nitaieleza kwa njia ya kutoka Des Moines, Iowa, hadi Newton, Kansas. Huko ndiko U.S. Adaptive Open ilichezwa Julai 8 hadi 10, 2024, kwenye kiwanja cha Sand Creek Station. Mashindano hayo yalianza 2022 kule Pinehurst, North Carolina: wachezaji 96, mashimo 54 kwa siku tatu. Wamo wenye ulemavu wa mkono, wa mguu, wa viungo zaidi ya kimoja, wa macho, wa akili, wa neva, wanaocheza wakiwa wameketi na wenye kimo kifupi.

Njia yenyewe haina mambo mengi. Shikeni barabara kuu ya I-35 kusini hadi Kansas City, endeleeni nayo hadi Emporia, kisha mwingie US-50 kuelekea magharibi. Ni kama kilomita 600. Ramani itawaambia saa sita. Nyinyi hesabuni nane. Mkiiacha I-35 pale Emporia, hamwingii kabisa kwenye barabara ya kulipia. Jazeni mafuta hapohapo Emporia, maana mbele ni vilima vya majani na miji midogo, na majira ya mavuno mtakuta mashine za kuvunia ngano zinajikokota mbele yenu.

Sasa saa. Mchezaji akichelewa kuanza kwa dakika zisizozidi tano, anaongezewa mikwaju miwili ya adhabu, zikizidi, ametolewa. Ratiba ikiandika 7:50 asubuhi, kwetu ni saa mbili kasoro dakika kumi. Msicheke, kosa hili lipo, hasa ujumbe wa simu unapopita kwa shangazi na wajomba wanne. Andikeni saa zote mbili. Fikeni jioni ya siku moja kabla ya siku ya mazoezi, si usiku wa kuamkia mashindano.

Sababu kubwa ya kuwahi ni mwili. Chukueni mtu mwenye mguu bandia. Akiuvua garini kwa saa sita bila kitu, kigutu huvimba, na akifika soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachoshika kigutu, inamkataa. Akiuvua, avae soksi ya kubana. Simameni kila baada ya saa mbili, atembee dakika kumi. Uwanjani mambo hugeuka: kadiri anavyotembea kigutu husinyaa, soketi inakuwa pana, mguu unacheza ndani, na mkwaju unakwenda kombo kabla hata hajalalamika maumivu. Hapo huongeza soksi. Jasho nalo hujaa ndani ya laina ya silikoni, ile soksi laini inayovaliwa juu ya kigutu, mguu ukaanza kuteleza. Kwa hiyo begi liwe na soksi za unene tofauti, laina ya akiba, taulo mbili ndogo na alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, ambayo ndiyo huingia kwenye skrubu nyingi za kiungio cha mguu. Ni ya kukazia skrubu iliyolegea tu. Kubadilisha mkao wa mguu ni kazi ya fundi wa viungo bandia.

Na viatu! Mguu bandia hupangwa kwa urefu wa kisigino kimoja. Kiatu cha gofu chenye kisigino kirefu zaidi humsukuma goti mbele. Kifupi humvuta nyuma. Viatu vipya vya zawadi, vilivyonunuliwa njiani kwa mapenzi tu, vinaweza kumharibia siku tatu.

Mchezaji wa kundi la walioketi huenda ana kigari cha umeme kinachomwinua wakati wa kupiga. Kwenye trela kifungeni kwa mikanda minne, kila pembe mmoja, ikivutana kwa mshazari, na mwikaze tena baada ya kilomita 50 kwa sababu hulegea. Kila mnaposimama, gusa kitovu cha gurudumu la trela: kikichoma mkono, beringi inakufa. Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kama kuna soketi ya umeme karibu na mahali pa kuegesha. Betri ya kigari huchajiwa usiku kucha. Chaji ya saa mbili itawaangusha shimo la 14. Aliyeumia uti wa mgongo juu zaidi huenda asitoe jasho la kutosha, na joto la Julai Kansas hupita nyuzi 33. Chupa ya kunyunyizia maji usoni na shingoni humsaidia.

Tukija kwenye sheria, tangu Januari 2023 Sheria ya 25 ya gofu inatumika katika mashindano yote. Asiyeona ana msaidizi wa kumwelekeza fimbo, na anaruhusiwa kugusa mchanga kwa fimbo ndani ya bunka, yaani shimo la mchanga, anapojiandaa kupiga. Mwenye kigari, mpira wake ukiingia eneo la adhabu lenye alama nyekundu, hupata nafasi ya urefu wa fimbo nne pembeni badala ya mbili. Hakuna upendeleo hapo. Magurudumu hayawezi kusimama kila mahali miguu inaposimama.

Nyinyi watazamaji msimpe ushauri wa fimbo wala wa upepo. Akiuomba kwenu, ni mikwaju miwili. Msiokote mpira wake kwa huruma. Kuutafuta mnaruhusiwa, na ana dakika tatu tu, kwa hiyo macho mengi ni mali. Mkiusogeza kwa bahati mbaya wakati wa kutafuta, hurudishwa bila adhabu.

King'ora kimoja kirefu maana yake hatari, mara nyingi ni radi: mchezo unasimama papo hapo. Kigari hakikimbii, basi mjue mapema jengo lililo karibu, na msijikinge chini ya mti.

Akitoka shimo la 18, mwacheni apite moja kwa moja hadi kwenye meza ya kukabidhi kadi ya alama. Akiwasilisha alama iliyo chini ya aliyopiga kwenye shimo lolote, anaweza kuondolewa. Vigelegele vianzie akishatia saini.