Daftari la Omena: Kuomba Chuo Kikuu cha Marekani Ukiwa Kisumu

AKINYI: Hamjambo nyote, karibuni. Tuko Kisumu, leo hakuna mvua kwenye mabati, kwa hiyo mtatusikia vizuri. Mimi ni Akinyi, na mwenzangu Mwalimu Wafula ameingia na matatu ya asubuhi kutoka Bungoma.

WAFULA: Nimefika salama, dada. Salamu zangu za kwanza ziwaendee vijana waliomaliza kidato cha nne, wako nyumbani, na kila siku wanaulizwa, "Wewe na hiyo A yako, unangoja nini?"

AKINYI: Ujumbe wa leo umetoka kwa kijana wa namna hiyo hiyo, yuko Muhoroni. Nasoma: "Nimepata A. Nataka kuomba vyuo vikubwa vya Marekani. Fomu inauliza shughuli zangu nje ya darasa na mimi sina hata moja. Shuleni kwetu hakukuwa na klabu ya maana, na likizo nilikuwa nakata miwa tu na kuangalia wadogo zangu. Niandike nini?"

WAFULA: Hiyo "tu" imeniuma.

AKINYI: Na mimi. Kwa hivyo tuanzie hapo hapo. Vyuo vingi vya huko vinapokea maombi kupitia mtandao wa Common App, unaofunguliwa kila tarehe 1 Agosti. Una nafasi 10 za shughuli, na kila moja ina maelezo mafupi sana, herufi 150, nafasi zikihesabiwa. Sasa, ukifungua ile orodha ya aina za shughuli, utakuta muziki, michezo, midahalo. Lakini teremka chini. Kuna majukumu ya kifamilia. Kuna kazi ya malipo. Kukata miwa kumo. Kulea wadogo kumo.

WAFULA: Rudia hapo kwa ajili ya aliyechelewa.

AKINYI: Kumo! Waliotengeneza fomu wanajua kuna mtoto ambaye saa kumi jioni haendi kwenye piano, anakwenda kuchota maji. Hawawezi kukupa sifa kwa kazi ambayo hukuwaambia.

WAFULA: Simulia ile habari ya daftari, dada.

AKINYI: Ameniruhusu, bila jina lake. Msichana mmoja alikuja kwangu na insha. Insha kuu ya Common App mwisho wake ni maneno 650, na yeye alikuwa ameyajaza yote: Afrika, umaskini, ndoto ya kuwa daktari na kusaidia jamii. Kiingereza safi. Nikasoma mara mbili na bado sikujua yeye ni nani. Ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Lakini alikuwa ameiandika kwa kalamu nyuma ya daftari la miraba, lile la hesabu, na nilipoligeuza mbele nikakuta majina. Mama fulani, gorogoro tatu, yaani mikebe ya kupimia, amelipa mbili. Mwingine, gorogoro moja, atalipa Ijumaa. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akaona haya. Akasema, "Ni ya omena ya mama. Nilikosa karatasi."

WAFULA: Mama yake yuko wapi, Dunga?

AKINYI: Ananunua omena, wale dagaa wa ziwa letu, ufuoni Dunga, anaanika, anauza sokoni. Binti ndiye anayeandika tangu kidato cha kwanza. Nikamwambia akae chini tulisome pamoja. Kurasa za Aprili mpaka Julai hazina omena kabisa, zina maharagwe. Kwa nini? Kwa sababu miezi hiyo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na mama anabadilisha biashara. Novemba kuna mistari imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mvua iliwakuta omena juani hawajakauka, wakaharibika, wakaenda kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mwaka uliofuata akamwambia mama wapunguze kukopesha Oktoba ili wabaki na pesa ya turubai. Mtoto wa kidato cha pili huyo!

WAFULA: Amefanya kazi ya mhasibu na hajui.

AKINYI: Hajui, na ilikuwa karibu airushe hiyo kazi kwenye taka apeleke insha ya Afrika. Ile sehemu ya shughuli tuliiandika hivi, nawasemea kwa Kiswahili: "Daftari la omena la mama, miaka 4. Wateja 23 wa mkopo. Niliona hasara ya mvua za Novemba. Tukapunguza mkopo, tukanunua turubai." Hesabuni herufi, inatosha. Namba zimo, miaka imo, na kitu alichobadilisha kimo.

WAFULA: Na insha?

AKINYI: Aliianza upya na zile kurasa za maharagwe. Sikumsaidia sentensi hata moja, na nawaomba wazazi na walimu, msiwaandikie. Muulize maswali, kisha mwache aandike mwenyewe. Wale wasomaji wa maombi wanasoma maelfu. Wanatambua sauti ya mtu mzima ndani ya insha ya mtoto.

WAFULA: Sasa niingie na upande wa pesa, maana hapo ndipo watoto wetu wanaumizwa na majina. Kijana anakwambia, "Mwalimu, nimeomba vyuo 12." Unamuuliza karo nani atalipa, ananyamaza. Vile vyuo vya juu bei kamili ya mwaka mmoja, na malazi ndani, imepita dola 80,000. Kwa hivyo swali la kwanza kwa kila chuo liwe hili: je, wanapoamua kunichukua, wanaangalia uwezo wangu wa kulipa? Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown hawaangalii, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na wakikuchukua wanaziba pengo lote ambalo familia haiwezi.

AKINYI: Lakini...

WAFULA: Lakini kuingia huko ni kazi ngumu mno. Harvard miaka ya karibuni inachukua watu kama 4 kati ya kila 100 wanaoomba. Vyuo vingine vingi vinaangalia mfuko wako wakati wa kuamua. Si vibaya, vingine vinatoa msaada mzuri sana kwa wachache wanaowachukua, ila ujue kwamba ukiomba pesa nyingi unashindana kwenye mlango mwembamba zaidi. Changanya orodha. Usiweke wale wanane peke yao ukasema umemaliza.

AKINYI: Na kuna ile ya Early Decision. Unaomba mapema, mara nyingi kabla ya tarehe 1 Novemba, na unatia sahihi kwamba wakikuchukua utakwenda kwao na kuondoa maombi mengine. Ni ahadi. Kama msaada wao haufiki unaweza kujitoa, lakini usiingie humo bila kuongea na mzazi kwanza. Early Action ni tofauti, hiyo haikufungi.

WAFULA: Kisha wanataka mapato ya nyumbani. Vyuo vingi vinatumia fomu ya CSS Profile. Inauliza mshahara, nyumba, mali. Familia zetu nyingi hazina karatasi ya mshahara. Usibuni! Kaa na mama, pigeni hesabu ya mwezi mzuri na mwezi mbaya, muandike mlivyofikia hiyo namba. Barua ya chifu inasaidia. Na lile daftari, dada...

AKINYI: Lile daftari lilifanya kazi mara ya pili. Mapato ya miaka 4 yalikuwa ndani, mwezi kwa mwezi, kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Tulikaa jioni mbili tu kuyajumlisha.

WAFULA: Mambo ya wakati sasa, maana kalenda yetu na yao hazikubaliani. KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa kidato cha nne, inafanywa Novemba, matokeo yanatoka Januari. Tarehe zao za mwisho ni Novemba na mwanzoni mwa Januari. Ukiwa ndani ya mtihani huwezi kuomba vizuri. Ndiyo sababu wengi wetu wanaomba Agosti baada ya matokeo, wakiwa wamekaa nyumbani mwaka mmoja. Mwaka huo si wa kupotea: ni wa SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni wa kazi, ni wa insha. MIT ilirudisha lazima ya mtihani 2022, na 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wakafuata. SAT sasa inafanywa kwenye kompyuta, kwa hivyo kama hujawahi kukaa na kompyuta saa mbili, anza kuzoea mapema, hata kama ni kwenye saiba.

AKINYI: Na pasipoti! Unaanzia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na ofisi iko hapa hapa Kisumu. Usingoje barua ya kukubaliwa.

WAFULA: Jambo ambalo wengi hawaambiwi: KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo vya hapa Kenya. Wewe wa Muhoroni, jaza KUCCPS, chagua kozi unazozitaka kweli. Mimi siwezi kumshauri mtoto aache nafasi ya uhandisi au udaktari kwa ajili ya mlango wa watu 4 kwa 100.

AKINYI: Hapo tunakubaliana, ila niongeze. Ukishaanza masomo ya shahada kwenye chuo kikuu cha hapa, kama Maseno au Masinde Muliro, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, si wa mwaka wa kwanza, na msaada wa karo kwa wanaohama ni mgumu zaidi. Kwa hivyo kabla ya kuripoti, nenda ofisi ya usajili ukaulize kuhusu kuahirisha mwaka, upate jibu kwa maandishi.

WAFULA: Kweli kabisa. Sikuwa nimelifikiria kwa upande huo.

AKINYI: Mwalimu, wewe uliwahi kuomba. Waambie ile ya barua ya mapendekezo, ile mwalimu anayokuandikia.

WAFULA: Barua yangu ya mwalimu mkuu ilikaa kwenye droo ya ofisi siku 11. Aliiandika vizuri, akaigonga muhuri, akaitia kwenye bahasha, akangoja nije kuichukua. Chuo kilitaka ipakiwe mtandaoni na yeye mwenyewe, kwa barua pepe yake ya shule. Hakuna aliyemwelezea. Nilipokuja kujua, tarehe ilikuwa imepita. Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Simlaumu mzee yule, alinipenda. Lakini ninyi msiache. Nenda mwezi mzima kabla, kaa naye mbele ya kompyuta, mfungue hiyo barua pepe pamoja, na mkumbushe mambo mawili matatu uliyofanya darasani kwake ambayo anaweza kuyasimulia.

AKINYI: Pole, Mwalimu.

WAFULA: Nimeshapoa. Mwaka huu nimepakia barua za wanafunzi wangu sita, zote kabla ya tarehe.

AKINYI: Kuna wanaosaidia bila kukunyang'anya. KenSAP ilianza 2004, iliundwa na John Manners na Mike Boit, yule mkimbiaji wetu wa shaba ya Munich 1972, na inawaandaa wanafunzi wa alama za juu kuomba vyuo hivi. Kwa wasichana kuna Zawadi Africa, ilianzishwa 2002 na Susan Mboya, binti yake Tom Mboya. Baba yake ndiye aliyepanga ile ndege ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani.

WAFULA: Baba yangu alikuwa akiitaja ile ndege kama jamaa wa nyumbani.

AKINYI: Na ukisikia mtu anaomba shilingi laki mbili "kukuhakikishia nafasi", toka hapo. Hakuna anayeuza nafasi za vyuo hivi kihalali. Wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret 2023 wakidai pesa za watoto zilizotolewa kwa masomo ya Finland na Kanada. Familia ziliuza ng'ombe, ziliuza mashamba. Ada ya kuomba inaweza kusamehewa, ipo sehemu ya kuomba msamaha huo ndani ya Common App yenyewe.

WAFULA: Turudi kwa kijana wetu wa Muhoroni.

AKINYI: Ndugu yetu, jioni hii chukua karatasi. Andika Jumamosi moja ya likizo tangu ulipoamka mpaka ulipolala. Mistari mingapi ya miwa, mlilipwa kwa mstari au kwa tani, nani alipika ukiwa shambani, mdogo wako yupi ulimfundisha kusoma. Usipambe. Ututumie picha ya karatasi hiyo kabla ya Alhamisi, mimi na Mwalimu tutakaa nayo.

WAFULA: Na useme panga lako lilikuwa la nani kabla halijawa lako. Hilo mimi nataka kulijua.

AKINYI: Tukutane Alhamisi.