Mashine ya kukimbilia ya nyumbani: panda kwanza, lipa baadaye

Haya, kamera inawaka? Inawaka. Karibuni watazamaji. Leo nina mashine tatu za kukimbilia chumbani humu, moja yangu na mbili za kuazima, na mgongo wangu unajua zilivyopanda ngazi. Niseme mapema: mimi nauza mafuta ya silikoni ya kupaka chini ya mkanda. Mashine siuzi. Kwa hiyo nunua yoyote unayotaka, ilimradi ina mkanda nile na mimi.

Hatua ya kwanza, pima chumba. Chukua tepu, pima, maliza. Nyuma ya mashine acha mita 2 wazi, pembeni nusu mita kila upande, ili ukitupwa usikutane na ukuta. Dari nayo: watu wanapima kichwa wakiwa wamesimama sakafuni, wanasahau kwamba ubao wa mashine unawainua sentimita 15 hadi 25, na mwinuko unaongeza tena. Na anayekimbia anarukaruka. Haya, twende.

Mota. Sogeza kamera hapa kwenye boksi. Umeona? 4.0 HP, yaani nguvu-farasi 4, maandishi makubwa kuliko jina la mashine. Hiyo ni nguvu ya kilele, mota inaifikia kwa kitambo kidogo tu kisha inashuka. Sisi tunataka nguvu ambayo mota inaweza kuihimili muda wote ukiwa juu yake, na hiyo huandikwa CHP. Itafute ile C, ni "continuous", yaani mfululizo. Usipoiona, muulize muuzaji. Akianza kukuonyesha spika za muziki, umeshajibiwa. Wa kutembea tu, 1.5 hadi 2 inamtosha. Wa kukimbia taratibu, 2.5. Unayekimbia kweli, au una mwili mkubwa kama mimi, anzia 3.

Uzito ulioandikwa kwamba mashine inabeba, mimi huupunguza kilo 20 kichwani mwangu. Sina ushahidi wa maabara, ni tabia yangu tu, lakini mashine zangu hazijawahi kulia.

Sasa mkanda. Hii ndogo nimeipima: urefu sentimita 110, upana 40. Kwa kutembea ni nzuri, tena inaingia chini ya kitanda. Ngoja nikimbie kidogo muone... eeh, mmesikia? Kisigino kimegonga mwisho. Kukimbia kunataka hatua ndefu, kwa hiyo tafuta mkanda wa sentimita 140, na mwenye miguu mirefu aende 150. Upana 50. Chini ya hapo utakuwa unakimbia huku unachungulia miguu yako.

Majina. Hapa ndipo nauliziwa kila siku: "Kaka, kampuni gani nzuri?" Kwanza jua undugu wao. NordicTrack na ProForm ni za nyumba moja, iFIT. Horizon na Matrix ni za Johnson ya Taiwan. Precor ilinunuliwa na Peloton mwaka 2021. Technogym ni ya Italia, tangu 1983, na utaikuta zaidi kwenye jimu kubwa. Domyos ni ya maduka ya Decathlon. Nyumba moja inatengeneza mashine ya bei ya kati na mashine ya kifahari, kwa hiyo stika ya mbele haikwambii ya ndani. Soma karatasi ya waranti: fremu miaka mingapi, mota mingapi, na vipuri na fundi vimeandikwa vyao peke yao. Anayejisifu kwa waranti ya maisha ya fremu huku vipuri akivipa mwaka mmoja, amekwambia mwenyewe kitakachoharibika kwanza.

Na hizi skrini kubwa zenye mwalimu anayekupigia kelele: mara nyingi masomo yake yanataka ada ya kila mwezi. Uliza kabla, ukiacha kulipa kinabaki nini? Mimi natundika simu, naangalia mpira, kilomita zinaisha.

Sasa jaribio ninalolipenda. Mashine yoyote ikienda kasi inaonekana hodari. Iweke polepole, kilomita 2 kwa saa, halafu kanyaga kwa kisigino kama una hasira na ubao. Hivi. Mkanda ukisita chini ya mguu... simama, simama! Nani ameona? Sijabana klipu. Nawafundisha watu halafu kamba ya usalama, ile inayozima mashine ukianguka, inaning'inia. Rudia. Simama pembeni, juu ya vikanyagio, usisimame kwenye mkanda. Bana klipu kwenye nguo. Washa. Ndipo uingie.

Tena: polepole, kisigino. Mkanda ukisita huku rola ya mbele, ule mche unaozungusha mkanda, inaendelea kuzunguka, mkanda umelegea, hiyo inarekebishika. Rola nayo ikisita, basi tatizo liko ndani, kwa mota au mkanda wake mdogo. Kama ni mashine iliyotumika, shusha bei au ondoka.

Hii ya katikati, oneni, mkanda umeanza kuhama kushoto. Haikuwa kwenye mpango wangu, lakini afadhali, maana hapa ndipo nilipowahi kuua mashine. Washa kilomita 5 kwa saa, mtu asiwe juu. Nenda nyuma, kuna bolti mbili, kushoto na kulia. Mkanda umehamia kushoto, kwa hiyo bolti ya kushoto, kwa mwendo wa saa, robo mzunguko. Robo. Kispana chenye umbo la L kilikuwa kinatazama juu, sasa kinatazama kulia, basi. Ondoa mkono.

Subiri dakika nzima. Utaona kama hakuna kilichotokea, na mkono utakuwasha. Usiguse! Mimi niliwashwa, nikaongeza mizunguko miwili, mkanda ukakimbilia upande wa pili kabla sijafika kwenye swichi, ukingo ukasuguliwa kwenye plastiki mpaka nyuzi zikatoka kama ndevu. Mkanda mpya, fundi, na mke wangu akinitazama bila kusema neno. Robo, kisha subiri. Nywele zako na nguo ndefu ziwe mbali na rola.

...Mnaona? Unarudi wenyewe. Sikuongeza kitu.

Mengine haraka. Umeme: chomeka ukutani moja kwa moja, waya mwembamba wa kuunganishia unapata moto. Ukiagiza kutoka nje, hakikisha volti ni za kwenu. Mafuta ya mkanda yawe silikoni tupu, ya kupikia hapana, ya cherehani hapana. Ndiyo, nauza, lakini hata nisingeuza ningesema hivyo hivyo.

Kama nyumbani kuna watoto, hili silifanyii utani. Mei 2021 Peloton iliwaomba wateja wa Marekani warudishe mashine za Tread+ zipatazo 125,000, baada ya mtoto kufa na wengine kuumia kwa kuvutwa chini ya mashine, upande wa nyuma. Inama uangalie nafasi iliyo chini ya rola ya nyuma ya mashine unayotaka kununua. Na ukimaliza mazoezi, chomoa ufunguo wa usalama, ule ulio kwenye kamba yenye klipu, uuweke juu ya kabati.

Mwisho, kukunja. Dukani usimwachie muuzaji akunje, kunja mwenyewe. Inua ubao mpaka usikie "klak", kisha uushushe kwa lile pedeli la pembeni. Pistoni nzuri inaushusha taratibu kama mzee anayekaa kwenye kiti. Hii yangu... tazameni... pa! Pistoni imechoka. Nitaibadilisha, nitawarekodia. Mkiuliza swali kwenye maoni, andikeni na urefu wenu na uzito, siwezi kukisia. Sasa nani anashika upande wa pili tuziteremshe?