Jumanne ya Matendo ya Uchungu: Shule Yetu ya Nyumbani, Bwiru

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleykum. Wasukuma wenzangu, mwadila! Huo mlio mnaousikia ni jenereta la jirani. Umeme umekatika tangu saa 10 jioni, kwa hiyo leo mnanitazama kwa taa ya simu ya binti yangu. Na msiniulize nimepaka nini usoni mbona nang'aa. Ni jasho.

Mmezoea kuniona Houston, ile meza ndefu ya jikoni, ramani ya dunia ukutani, watoto saba wamekaa kama wanakwaya. Leo niko Mwanza, Bwiru, kwa mama yangu mzazi, wiki ya tatu hii. Nimekaa kwenye ngazi za uani. Kule chini gizani ni ziwa. Ngoja niigeuze kamera... mnaziona zile taa? Utadhani kuna mji ng'ambo. Ni wavuvi wa dagaa, usiku huu hakuna mbalamwezi, wametoka wote.

Sasa. Niliwaahidi video ya siku yetu ya shule ya nyumbani, yaani wanangu nawafundisha mwenyewe badala ya kuwapeleka shule, tukiwa Tanzania, na kweli nimerekodi tangu asubuhi. Nimeitazama hapa, dakika 52. Karibu 40 kati ya hizo ni mimi nasema, "Doto, shuka." Nimeifuta. Nawasimulia tu.

Kwa wageni: majina ya cheti ya wanangu siyataji mtandaoni, natumia ya kinyumbani. Dada mkubwa ana miaka 15, kaka yake 13. Kulwa na Doto, mapacha, 10. Anayefuata mgongo wa mapacha kwetu ni Shija, naye ana 8. Halafu Bibi Mdogo, 5, aliyerithi jina la mama yangu pamoja na ukali wake. Na kitinda mimba, mwaka na nusu. Kitinda mimba kwa mujibu wangu mimi. Baba yao anasema hilo tumwachie Mungu.

Tulipanga kuanza saa 2 asubuhi. Saa 2 na robo kitinda mimba alikuwa ameshaitumbukiza rozari yangu kwenye bakuli la uji wa ulezi. Ile ya mbegu, niliyopewa siku ya kipaimara. Jamani, uji wa ulezi ukikauka kwenye tundu la rozari ni saruji. Nikachukua kijiti cha meno nikawa nazibua punje moja moja, huku nafundisha kugawanya desimali. Doto akauliza, "Mama, ukizibua punje bila kusali, ni dhambi?" Sikuwa na jibu la hilo wala la desimali.

Mama akatoka na kikombe chake cha chai. Mama yangu alifundisha darasa la kwanza miaka 34 kabla ya kustaafu. Akasimama, akatazama vitabu, akatazama watoto, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Andalio la somo liko wapi?"

"Mama, sisi hatuandiki andalio."

"Azimio la kazi?"

"Tunafuata kitabu."

"Mkaguzi akija unamwonyesha nini?"

"Texas hakuna mkaguzi, mama."

Akaweka kikombe chini.

Wengi mnaniuliza sheria ikoje, basi nijibu hapa hapa. Marekani kila jimbo lina lake. New York unatoa taarifa, unapeleka ripoti kila robo mwaka. Texas ni tofauti: mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba shule ya nyumbani ihesabiwe kama shule binafsi. Unatakiwa uwe na mtaala ulioandikwa, ufundishe kwa nia njema kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hujisajili popote, na hakuna mtihani wa serikali. Ukienda Ujerumani na mpango huu utajikuta mahakamani, kule mtoto lazima aende shule.

Nikamweleza mama yote hayo. Akasema, "Kwa hiyo anayejua kama mtoto anajua ni nani?"

Nikasema, "Mimi."

Akanitazama. Mara ya mwisho kutazamwa vile ilikuwa 1993, nilipoficha ripoti ya shule chini ya godoro.

Haya, tukaendelea. Kitabu chetu cha hesabu ni cha Kimarekani, kila kitu ni futi, yadi, ratili. Kulwa anasoma kwa sauti swali la mtu anayezungushia uzio uwanja wa yadi mia. Mama akauliza, "Yadi? Anashona kitenge?" Akaingia ndani, akarudi na sado ya dagaa na bilauri. Sado moja elfu sita, mteja ana elfu moja na mia tano, mpimie. Mapacha wakapima, wakamwaga, wakagombana, wakapima tena, mpaka wakaona wenyewe kwamba ni robo. Niwe mkweli, nilichukia kidogo. Hiyo robo mimi nimeifundisha tangu Agosti, kwa picha za piza.

Ikafika saa 4. Nimeinama kwa Shija, na habari za Shija nitazirudia, nainua kichwa, mapacha hawapo. Dada mkubwa hajui. Kaka mtu yuko juu ya jiwe anamtazama yule mjusi wa mawe wa kwetu, mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, anasema hii ni sayansi. Bibi Mdogo ndiye akasema, "Wamekwenda kuvua."

Nilishuka ule mlima na ndala moja. Walikuwa mwaloni, maji ya magoti, na vijana wa jirani wanaosoma mkondo wa mchana, wanavua kwa ndoano. Nikapiga kelele, "Kichocho!" Watu wote wakageuka. Unajua ukikaa nje miaka mingi unarudi unaogopa maji uliyokulia! Lakini kichocho si hadithi: vijidudu vinatoka kwa konokono, vinaingia kwenye ngozi, hujui mpaka baadaye. Nikawasugua kwa khanga mpaka wekundu ukatoka. Daktari tuliyempigia akasema nisikimbilie kuwapima kesho, inatakiwa zipite wiki kadhaa ndipo kionekane. Basi tunasubiri.

Tunapanda mlima, nyuma yetu mjumbe wa mtaa. Mzee wa heshima. Mapacha wakasema "Shikamoo babu" vizuri kabisa, angalau hilo. Akakaa, akaniambia, "Mwanangu, majirani wanauliza. Watoto saba, wiki tatu, saa za masomo wako nyumbani."

Na ana haki. Sheria ya elimu ya Tanzania, ya 1978, inasema mtoto akitimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Mimi nilijitayarisha kumhutubia habari za Texas, mahakama, 1994. Mama akanikata: "Ni wageni, mzee. Wanarudi kwao Desemba. Karibu chai." Yakaisha. Dakika ishirini zilizofuata waliongea habari za bei ya saruji.

Kwa hiyo dada zangu mnaoniandikia kwamba mmeona video zangu mnataka kuwatoa watoto shule, naomba mnisikilize vizuri. Sijawahi kuwaambieni mfanye hivyo. Mimi nilianza mwaka 2020. Siku hizi napenda kusema ulikuwa wito, na mbele ya wanaparokia nasema wito, lakini ukweli ni kwamba korona ilifunga shule, tulikuwa na watoto wanne wa kusoma na kompyuta moja. Shule zilipofunguliwa nikapiga hesabu ya ada ya shule ya Kanisa kwa watoto wanne, nikaona wito umezidi kuwa wazi. Baadaye ndiyo nikaipenda. Napenda kwamba wanajua Kiswahili. Napenda saa 6 mchana tunasimama wote tunasali Malaika wa Bwana. Napenda kwamba dada mkubwa anajua kubeba mtoto mgongoni na anajua aljebra. Lakini kuna siku kama leo, na hizo huwa nazikata kabla hamjaziona.

Mchana tulikula sato na ugali wa muhogo, na hapo ndipo shule ilipofana, bila mimi. Kaka mtu alikuwa anaandika insha kuhusu sangara, jinsi alivyoletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na jinsi furu walivyomalizika alipozidi. Mama akaacha kula. Akasema yeye utotoni alikula furu, wadogo hivi, wa rangi rangi, unawaunga na nyanya mshumaa, mpaka mifupa inaliwa. Akataja aina alizokuwa akizijua kwa majina ya Kisukuma, mpaka yakamwishia, akanyamaza. Kaka mtu alikuwa anaandika haraka haraka kwenye ukingo wa gazeti. Baadaye akauliza haya mawe ya Mwanza yana umri gani, nikamwambia zaidi ya miaka bilioni 2, akasema mbona kile kitabu tulichopewa na jirani wa Houston kinasema dunia ina miaka elfu sita? Hilo nalo nililikwepa muda mrefu, maana yule jirani ni mtu mwema, tunabadilishana vitabu na mayai. Nikamwambia sisi Wakatoliki hatulazimiki kuamini hivyo, na kwamba aliyetangulia kusema ulimwengu ulianza na chembe moja alikuwa padre, Georges Lemaître, Mbelgiji. "Padre kabisa?" Padre kabisa.

Haya, Shija.

Wanaonifuatilia zamani, rudini mtazame video zangu. Mtamwona Shija kila mara yuko pembeni ya meza, anapaka rangi. Mmewahi kuandika, "Huyu wa rangi atakuwa msanii!" Nimemweka pembeni kwa makusudi. Shija ana miaka 8 na hasomi. Herufi anazijua. Akiunganisha, zinamkimbia. Na Kiingereza nacho, jamani, herufi hii leo inasomeka, kesho iko kimya. Nilisema ataiva kwa wakati wake, kwenye vikundi vyetu vya akina mama kule tunaambiana hivyo, na kuna wanaoiva kweli. Ila hakuna aliyewahi kumpima. Mimi ndiye mkaguzi, na mkaguzi alikuwa anaona haya.

Mama alijua siku ya pili tulipofika. Hakusema kitu. Leo mchana naosha vyombo, nasikia sauti mlango wa jikoni: "Ba. Be. Bi." Anamchorea mchangani kwa kijiti. Ma, me, mi. Niliona wivu, sitawadanganya. Nikakaa kimya, nikasugua sufuria ambayo ilishatakata.

Halafu mama akainuka kwenda kupuliza moto. Alikuwa amejifunga khanga, na maandishi mnajua yanakaa nyuma. Shija akamfuata. Anamnyooshea kidole mgongoni: "U... si... sa... fi..." Mama anatembea, mtoto anatembea. "...ri... e." Mama akageuka kuchukua ufagio, maneno yakageuka naye, Shija akazunguka. "Nyo" ilimshinda, akasema "ni-yo," akarudia, akasema "nyo." Lililofuata lilikuwa kwenye mkunjo, alipofungia. Akamwambia, "Bibi, fungua, imeingia ndani." Mama yangu, mwanamke asiyeonekana na nywele wazi hata na mjumbe, akaifungua ile khanga pale pale jikoni, akabaki na gauni la ndani, akaitandaza kwa mikono miwili. "Ta. Ya. Mwe... mwe-nzi-o."

Usisafirie nyota ya mwenzio. Akauliza maana yake nini. Mama akasema, "Hiyo darasa la tatu."

Nikakimbilia kitabu chake cha Kiingereza, nikidhani sasa ameshashika kusoma. Ukurasa wa kwanza tu, akalia. Kakitupa. Nikapaza sauti, naye akapaza, kitinda mimba akaamka, na umeme ndipo ulipokatika. Hiyo ndiyo saa 10 niliyowaambia.

Rozari tunasali saa 3 usiku, maana Houston ni saa 7 mchana na baba yao yuko mapumziko ya chakula. Tunamweka kwenye simu, tunaisimamisha kwenye kopo la maziwa. Leo Jumanne, matendo ya uchungu, yale matano ya mateso ya Yesu. Tendo la kwanza mapacha wakasinzia. La pili Bibi Mdogo. La tatu baba yao anaitikia Salamu Maria na mkate mdomoni, mama yangu anasikia na anamwandikia deni.

Tendo la nne Shija akasema, "Nisome mimi." Kitabu cha sala kina maandishi madogo, na taa ni hii hii ya simu. Ye-su. A-na-chu... Kaka yake akataka kumsaidia, mama akamkanyaga mguu. A-na-chu-ku-a. Sijui ilichukua dakika ngapi. M... m-sa... Kule Houston nasikia kengele ya kazini, baba yao ananong'ona muda umekwisha, halafu hakati simu. M-sa-la-ba.

Akakata baada ya hapo, ilibidi. Tukasali Salamu Maria kumi za tendo hilo kwa haraka, na tulipofika mwisho kila mtu alikuwa amelala isipokuwa mimi, mama na Shija, naye Shija anapepesuka. Mama akasema tumlaze.

Tendo la tano tunalo deni. Haya, betri ya binti yangu iko asilimia 4, na huyo anayelia ndani ni wa kwangu.