Ukuta, Makiwara na Mfupa wa Mkono

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote: wazee mliokuja na watoto wenu, na nyinyi vijana mlioketi mkekani. Swali mliloniletea ni moja: kupigapiga ukuta, mti au gunia la mchanga, kweli hukomaza mkono? Najibu kwanza, kisha nieleze. Mfupa hukomaa, kidogo na polepole, ukienda kwa kipimo. Lakini wengi ninaowaona hapa Mombasa hawakomazi mfupa. Wanatia ganzi mishipa ya fahamu na kumaliza viungo vyao.

Mfupa si jiwe. U hai, una damu ndani yake, na siku zote zimo seli zinazomomonyoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga upya. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alichapisha hoja kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaobebeshwa. Wachezaji tenisi wamepimwa, na mfupa wa mkono unaoshika raketi ukakutwa mnene kuliko wa pili, hasa kwa walioanza utotoni. Wanaanga nao, wakikaa miezi huko juu pasipo uzito, hurudi mifupa imepungua. Kwa hiyo wazee wa Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotoka, hawakujidanganya walipopiga makiwara.

Ila itazameni hiyo makiwara yenyewe. Ni ubao uliochimbiwa ardhini, mnene chini, mwembamba juu, na pale pa kupiga pamefungwa kamba ya majani ya mpunga. Ukiupiga, unarudi nyuma kisha unakurudia. Ukuta haurudi. Ubao ule hukufundisha kunyoosha kifundo cha mkono na kutoa nguvu nyongani. Ukikosea, unakuambia papo hapo. Ukuta wa matumbawe wa Mji wa Kale haukufundishi kitu. Hukuchuna tu.

Nasema hivi kwa sababu niliupiga. Nilikuwa na miaka 17, kila baada ya sala ya alfajiri, ngumi 100 kwa kila mkono. Niliambiwa maumivu yakiisha ndipo mkono umekomaa. Baada ya wiki tano yakaisha kweli, nami nikafurahi mno. Kumbe ngozi ilikuwa imefanya sugu, na mishipa ya fahamu imezoea na kunyamaza. Mfupa wenyewe ulikuwa bado, maana mzunguko mmoja wa kumomonyoka na kujengwa upya huchukua miezi mitatu, minne, au zaidi. Nikaongeza nguvu nikiwa sina tena wa kunionya, mpaka mfupa wa kiganja unaoshika kidole cha mwisho ukavunjika shingoni mwake, chini kidogo ya kifundo cha kidole. Uliunga, lakini uliunga umepinda. Hadi leo, asubuhi za kusi, siifumbi ngumi hii mpaka niitie kwenye maji ya moto.

Na haukuvunjika mfupa ule kwa bahati mbaya. Mkono una mifupa 27. Ile miwili ya kiganja, ya kidole cha shahada na cha kati, imekazwa imara kwenye kifundo cha mkono. Ya pete na ya mwisho huchezacheza. Fumbeni ngumi sasa hivi, kamateni vifundo vya vidole vyenu, mtaona. Ndiyo maana mwalimu husisitiza upige kwa vifundo viwili vya kwanza. Asiyejua kupiga, hata akomae vipi, atavunjika palepale nilipovunjika mimi.

Sasa sugu. Mahamali wa bandarini na wavuvi wetu wana viganja vigumu kuliko mpiga karate yeyote, lakini ugumu ule ni wa ngozi. Msidanganyike na vifundo vyeusi vilivyovimba.

Jambo linaloniumiza zaidi ni viungo. Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu. Ikichanika, haijirudishi kama mfupa. Mfupa unaweza kuuzoesha. Kiungo huwezi, utakitumia tu mpaka kiishe. Na watoto, wazazi nisikizeni: mifupa yao ina sehemu laini karibu na ncha, ndipo urefu unapotoka. Mtoto asipige kitu kigumu mpaka amalize kukua. Akiambiwa na mwalimu apige ukuta, mtoeni.

Tufanye nini basi? Funga mkono kitambaa, piga gunia lililojazwa matambara ya mitumba, si mchanga, maana mchanga hushuka chini ukawa kama saruji. Siku tatu kwa wiki zatosha, kwa sababu mfupa hujengwa wakati wa kupumzika. Pushapu za ngumi juu ya mkeka ni nzuri sana kwa kifundo cha mkono. Magoko hivyo hivyo: mabondia wa Thailand hupata magoko yale kwa maelfu ya mateke kwenye gunia zito, mwaka baada ya mwaka. Kuyasugua kwa chupa hakujengi mfupa, huumiza tu ngozi iliyo juu yake. Mafuta ya habasoda pakeni mkipenda, kukanda kunastarehesha, lakini hayafiki mfupani. Dagaa waliwao na miiba yao, na maziwa, hivyo hufika.

Haya, mwenye kijana anayeamka vidole vimekakamaa, aje naye hapa mbele niutazame mkono. Nikiona uvimbe juu ya kifundo cha kidole cha mwisho, kesho asubuhi apelekwe kupigwa picha, na gunia alisahau mpaka daktari aseme.