Kuchagua kitambaa cha gauni la dansi la krinolini

Habari zenu, karibuni mezani. Leo hatushoni. Tunachagua kitambaa cha gauni la dansi la Ulaya la kati ya 1856 na 1865, lile la sketi iliyotanuka kama kengele.

Kabla ya kwenda dukani, valisheni sanamu ya mshonaji krinolini pamoja na gaguro, yaani sketi ya ndani, juu yake. Krinolini, yaani fremu ya pete za chuma iliyopewa hataza Paris mwaka 1856, ndiyo inayobeba upana wote. Kitambaa kinatakiwa kiwe chepesi lakini kikakamavu, kisilale. Gaguro msiliruke, maana bila hilo kila pete itajichora juu ya hariri.

Sasa shikeni kitambaa. Sikilizeni tafeta hii ya hariri nikiifinyanga: inachakarika. Nikiining'iniza kwenye krinolini, inasimama mbali na pete. Hiki cha pili ni shifoni. Kimelala chote, hakitufai. Satini nzito ya maharusi nayo inavuta kiuno chini, na mng'ao wake kwenye picha unachosha macho.

Muuzaji akisema ni hariri, ombeni kipande. Chomoeni nyuzi chache, zishikeni kwa kibano juu ya sahani, washeni. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Fedha ikiwa haitoshi, tafeta ya poliesta isiyong'aa sana inakubalika kabisa; wanaowacheka wanunue wao hariri.

Rangi msiipime juani. Kumbi zile ziliwashwa mishumaa na gesi, kwa hiyo zimeni taa nyeupe, washeni ya manjano, kisha mtazame. Zambarau iliyokolea isiwatie shaka: mkemia Mwingereza William Perkin alipata rangi ya move, aina ya zambarau, kutokana na lami ya makaa ya mawe mwaka 1856, na Malkia Victoria aliivaa kwenye harusi ya bintiye mwaka 1858.

Hesabu: kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140, vipande vitatu vinatoa pindo la mita 4.2. Kila kimoja kikatwe mita 1.2, jumla mita 3.6. Ongezeni 1.5 za kifua na mikono. Gauni likiwa na mkia, ongezeni tena.

Juu mnaweza kuweka tabaka za neti. Ila kaeni mbali na mishumaa! Dada wawili wa kambo wa mwandishi Oscar Wilde walifariki mwaka 1871 kwa majeraha ya moto walioupata kwenye dansi. Mkitaka mwanga wa picha, tumieni taa za betri.