Shata Ikae Imekokiwa au Imefyatuliwa? Mhadhara kwa wapiga picha wa mkanda, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nashukuru mmekuja, na nashukuru zaidi kwamba wengi mmebeba kamera zenu. Nimezipitia hapo mezani: Pentax K1000 ndizo nyingi, kuna Nikon FM, kuna Yashica za lenzi mbili, na kuna Zorki ambayo nitaomba niishike kidogo tukimaliza.

Swali ni lile mnalobishania kila mkikutana. Ukishapiga picha, uvute mkanda wa filamu papo hapo, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuifikia filamu, ikae imekokiwa, springi zake zimekazwa tayari kwa picha inayofuata? Au uache mpaka utakapotaka kupiga nyingine? Msimamo wangu nautoa mapema. Ukiwa kazini, vuta mara tu unapopiga. Kamera ikienda kabatini, iende imefyatuliwa, springi zimeachiwa, isipokuwa kamera chache ambazo zenyewe hazitaki. Ila sababu ya kuifyatua siyo ile tunayotishiana nayo siku zote.

Tuanze na springi, maana hofu yote inatoka huko. Inasemwa kwamba springi ikikaa imekazwa inachoka na spidi zinashuka. Chuma cha springi kilichotengenezwa vizuri kinachoshwa na kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno, au kubebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Kushikiliwa tu hakukisumbui sana. Nendeni hapo stendi mkaangalie Hiace. Springi zake za nyuma zinabeba bodi mchana na usiku, hata gari likiwa limelala bila abiria, na sijaona dereva anayelipiga jeki kila jioni ili springi zipumzike. Ni kweli kwamba chuma kilichokazwa kwa miaka mingi hulegea kidogo, hasa penye joto. Lakini usiku mmoja, au wiki, mpaka harusi ya Jumamosi ijayo? Laleni usingizi.

Halafu tazameni jinsi shata yenyewe inavyofanya kazi. Ndani ya K1000 kuna mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, na kila moja linavutwa na rola yenye springi ndani yake. Ukivuta mkanda, mapazia yote mawili yanarudishwa upande wa kuanzia na springi zinakazwa. Ukibonyeza kitufe, la kwanza linakimbia, la pili linalifuata, na upana wa mwanya ulio kati yao ndio unaokupa 1/1000 au 1/125 ya sekunde. Sasa hapa ndipo wengi hatupafikirii: springi hizo zimeshakazwa na fundi wakati kamera inaundwa, kabla wewe hujagusa chochote. Ukifyatua, zinarudi kwenye mkazo wake wa mwanzo, hazirudi kwenye sifuri. Kwa hiyo anayesema kwamba kwa kufyatua "anazipumzisha" kabisa, anazipumzisha nusu tu.

Kwa shata zilizo ndani ya lenzi, zile za vibapa vyembamba vya chuma kama Compur, Prontor na Copal, hoja ya kufyatua ina uzito zaidi. Nyingi kati ya hizo zikishafyatuliwa, springi kuu inabaki karibu haina mzigo. Mwenye kamera ya kukunja ya babu yake, naomba asiiweke kabatini imekokiwa. Na mkiwa na Compur-Rapid yenye 1/500, kumbukeni kwamba spidi hiyo ya juu inaingiza springi ya ziada. Ichague kabla ya kukoki. Ukishakoki halafu ukalazimisha gurudumu liende kwenye 500, unavunja kitu ambacho hakuna duka litakalokuuzia kipya. Zorki na FED ni kinyume chake: unakoki kwanza, ndipo unachagua spidi. Mkono uliozoea moja unaweza kuiua nyingine, kwa hiyo anayemwazima mwenzake kamera amweleze hilo kabla ya kumkabidhi.

Kamera nyingi zinazofika kwangu shata ikiwa nzito zina springi nzima. Tatizo ni grisi iliyoganda na vumbi letu la kiangazi. Grisi ya zamani hukauka kamera ikikaa bila kutumiwa, na hapo kukoki au kutokukoki hakukusaidii. Kinachosaidia ni kuitoa kamera mara kwa mara, hata haina mkanda, na kuifyatua kwa kila spidi, za taratibu zaidi kuliko za haraka, kwa sababu gia za sekunde nzima na nusu sekunde ndizo hukwama kwanza.

Basi kama springi haina neno, kwa nini nasema ifyatuliwe? Kwa sababu ya kitufe. K1000 haina kufuli ya kitufe. Imekokiwa, imo ndani ya begi pamoja na flashi na chaja na funguo, umepanda bodaboda kutoka Majengo. Ukifika umeshapiga picha ya giza la begi. Kwenye mkanda wa picha 36, kwa bei tunazonunulia leo, hiyo inauma. Nikon FM ina kinga nzuri: ukisukuma mkono wa kuvutia mkanda mpaka ndani kabisa, kitufe kinajifunga na kipima mwanga kinazimika. Ukiuacha mkono nje kidogo, kipima mwanga kinabaki tayari na betri inaweza kuliwa bila wewe kujua. Sukuma mkono ndani. Hilo lina maana kubwa kuliko mabishano yote ya springi.

Kazini ni jambo jingine kabisa, na hapa nasema kwa msisitizo. Bibi harusi anamlisha bwana harusi kipande cha ndafu. Hatarudia kwa ajili yako. Ukisubiri mpaka uone tukio ndipo uvute mkanda, jicho limeshaondoka kwenye dirisha la kamera, na kipande kimeshamezwa. Vuta wakati kidole bado kina joto la picha iliyopita. Vivyo hivyo kwa mnaoamka alfajiri kumngoja Kibo, kilele cha Kilimanjaro, afunuke: wingu halimsubiri mtu.

Nimetaja kamera zinazokataa. Rollei 35, iliyotoka mwaka 1966, lenzi yake hairudi ndani mpaka uwe umevuta mkanda. Ukitaka kuiweka mfukoni lazima iwe imekokiwa, waundaji waliamua hivyo. Hasselblad 500C ya mwaka 1957 ni kali zaidi. Bodi na lenzi vyote vinapaswa kuwa vimekokiwa ndipo lenzi itoke au iingie. Lenzi iliyofyatuliwa kwenye bodi iliyokokiwa ni kukwama tu. Kwa hizo mbili, fuateni kamera, msifuate mimi.

Kwa mnaopanda mlima. Juu kule, kuelekea mita 5,895, usiku baridi inashuka chini ya sifuri na grisi inakuwa nzito hata kwenye kamera nzima. Iwekeni ndani ya koti. Na mkivuta mkanda, vuteni polepole, kwani mkanda wenye baridi hukatika upesi, na ukivutwa kwa kasi kwenye hewa kavu hutoa cheche zinazoacha mistari kwenye picha.

Na wenye Zorki au Leica za pazia la kitambaa: hamna kioo cha kuzuia jua. Kamera ikilala mezani lenzi ikitazama jua letu hili, lenzi inakusanya miali kama kioo cha kuwashia moto, na pazia linatoboka. Imekokiwa au haijakokiwa, linatoboka. Funikeni lenzi.

Mama mmoja hapo mbele ameuliza: marehemu mumewe ameacha kamera ya kukunja, imekokiwa, haijaguswa miaka. Afanye nini? Mama, pole. Kwanza, bila kuifungua kamera, angalia kama kuna mkanda ndani. Kama upo, niletee kamera ilivyo, tutausafisha tuone kilichomo. Kama haupo, weka spidi ya katikati, 1/50 au 1/60, bila kulazimisha, na ubonyeze mara moja. Ikifyatuka, iache hivyo hivyo. Isipofyatuka, usiisukume kwa kitu chochote wala usiitie mafuta ya cherehani. Njoo nayo, tuifungue pamoja.